"Inatokea jina gani?" Kulipia mutura na smoki kwa simu, Thika na Ruiru

Ikifika saa kumi na mbili jioni, matatu za kutoka Nairobi zikianza kushusha watu Ruiru na Thika, kando ya barabara hugeuka jikoni. Moshi wa mutura unakuita kabla hujaliona jiko. Pembeni kuna kigari cha smoki na mayai boilo, mama wa viazi karai, kijana wa mahindi choma, na mtu wa mshikaki anayepepea makaa kwa kipande cha katoni. Ukiwa na pesa kidogo zaidi na uko Ruiru, Kamakis iko hapo kando ya Eastern Bypass na nyama choma yake. Ukiwa na shilingi 50 tu, kibanda cha Makongeni kitakutosha.

Somo la leo ni la hapo kibandani. Utalipaje kwa simu, gizani, watu wamesongamana, bila wewe kupoteza pesa na bila muuzaji kupoteza zake?

Tuanze na mutura, kwa sababu ndiyo yenye hesabu ngumu. Ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, vitunguu, dania na pilipili, ukachemshwa, kisha ukachomwa. Hakuna mzani. Unaagiza kwa bei: "Nikatie ya ishirini." Inakatwa kwenye ubao, unaongezewa kachumbari na chumvi, unakula umesimama. Kabla hujamaliza unasema "ongeza ya thelathini", na rafiki yako naye anakula kwa bili yako. Muuzaji anaweka hesabu ya watu sita au saba kichwani, huku kisu kiko mkono mmoja na utumbo moto uko mkono wa pili.

Kwa hivyo maliza kula kwanza, mkubaliane jumla kwa sauti, halafu ulipe mara moja. "Zangu mbili na zake moja, ni 70, si ndiyo?" Akikubali ndio utoe simu. Mkibishana baada ya pesa kutumwa, mmoja wenu ataondoka na kinyongo.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka. Kabla ya kuweka PIN, uliza: "Inatokea jina gani?" Ni swali la kawaida na muuzaji hatakasirika. Wengi hutumia laini ya mke, ya ndugu au ya mwenye biashara, kwa hivyo atakwambia tu, "Itatokea jina la mke wangu," na akutajie. Jina likitokea kwenye skrini yako, lisome lote. Kama ni lingine, simamisha malipo. M-Pesa hukupa nafasi ya kughairi ukiona jina si lenyewe. Gizani, 6 na 8 zilizoandikwa kwa makaa kwenye katoni zinafanana sana, na tarakimu moja tu inatosha kumlisha mtu wa Kisumu asiyejua hata mutura yako ina ladha gani.

Jina linasaidia pia pale nambari imebandikwa. Karatasi ya Till hubanduliwa na nyingine kuwekwa juu yake usiku bila mwenye kibanda kujua. Tatizo hili haliko kwetu pekee. Katika masoko ya usiku ya Vietnam, kwa mfano kule Hanoi, wauzaji wengi wa chakula cha barabarani hubandika msimbo wa QR kwenye meza, na tangu 2021 nchi hiyo ina mfumo mmoja, VietQR, unaosomwa na programu za benki mbalimbali. Hapa kwetu Benki Kuu ilizindua kiwango cha KE-QR mwaka 2023. Kuskani kunakuepusha na kosa la tarakimu, lakini hakuwezi kukwambia kama karatasi iliyobandikwa ni ya mwenyewe. Jina bado lazima lisomwe.

Sasa upande wa muuzaji, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Mikono yake imejaa mafuta, simu iko mfukoni au ameshikiwa na mtoto. Mteja anamwonyesha skrini: "Boss, hii hapa, imeenda." Muuzaji anatupa jicho, anaona neno "Confirmed", anasema sawa. Lakini meseji iliyo kwenye simu ya mteja inaweza kuwa ya jana, ya mtu mwingine, au imeandikwa tu. Tuseme katika kila mutura ya 20 anabaki na shilingi 5. Akiliwa mutura ya 200 kwa meseji feki, mtaji wa 150 umeenda, na lazima auze vipande 30 vingine ili aurudishe. Kwa wengine hiyo ndiyo jioni nzima.

Muuzaji, amini simu yako peke yake. Meseji ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya kawaida, na huanza na msimbo wa herufi na tarakimu 10. Angalia salio jipya: salio la awali ukijumlisha kilichoingia lazima lilingane. Salio lisipolingana, pesa haijaingia, hata meseji iwe imeandikwa vizuri namna gani. Itundike simu mahali unapoiona bila kuishika na uongeze sauti.

Pia, kama bado unapokea kwa "Tuma Pesa" ya kawaida, fikiria Pochi la Biashara. Inatumia nambari yako ile ile, inatenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani, na mteja akitaka kurudishiwa malipo, wewe ndiye unayekubali au kukataa. Itakuepusha na yule anayekula, anaondoka, kisha anaomba pesa irudi akiwa ameshapanda matatu.

Kuhusu ada: kutuma shilingi 100 kwenda chini ni bure, na 101 hadi 500 ni shilingi 7. Wapo wanaotuma 150 mara mbili, 100 kisha 50, ili wasikatwe. Wanaokoa saba, sawa, lakini wanamwachia muuzaji meseji mbili za kukagua akiwa na foleni. Ukilipa kwa Till, wewe mteja hukatwi. Na Fuliza kwa ajili ya mutura? Ni mkopo wenye ada. Heri umwambie muuzaji akukatie ya ishirini badala ya hamsini.

Ukituma kwa nambari isiyo yako, isambaze ile meseji ya malipo kwa 456 papo hapo, ukiwa bado umesimama pale pale. Aliyepokea akishaitoa, kuirudisha ni kazi kubwa. Na netiwaki ikiwa nzito, meseji ikachelewa, usilipe mara ya pili kwa sababu watu nyuma yako wananung'unika. Angalia salio lako kwanza. Kama limepungua, subirini pamoja hadi simu ya muuzaji ilie, na mpishe anayefuata akatiwe yake.