Shangazi, ushujaa wangu unaishia saa nne usiku

*Nina miaka 31, nina mke na mtoto mmoja, naendesha bodaboda hapa Arusha. Tatizo langu ni kubeti. Nilianza na mia tano mia tano, sasa siku mbaya naunguza hadi elfu thelathini. Mwaka jana rafiki alinitumia video za samurai na mafunzo ya kujitawala, nikayafuata kweli. Naamka saa kumi alfajiri, naoga maji ya baridi, napiga pushapu mia, pombe nimeacha. Ukutani nimeandika kwamba shujaa huishinda nafsi yake. Mchana kutwa niko sawa. Ikifika saa nne usiku mke amelala, nashika simu, nasuka mkeka.*

*Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko watu 22. Nimeshachukua 840,000 za wenzangu. Tunagawana Desemba, na hakuna anayejua. Nifanye nini nipate nguvu zaidi?*

*Mweka Hazina, Arusha*

Sikiliza, mwanangu. Nguvu unazo. Mtu anayejimwagia maji ya Arusha saa kumi alfajiri, tena mwezi wa saba, si legelege. Kinachonitia shaka ni huyo shujaa uliyemchora ukutani, kwa sababu umemchora yuko peke yake.

Hao samurai wa kwenye video ni nusu hadithi. Kitabu kilichoitangaza Bushido, yaani maadili ya samurai, duniani kiliandikwa kwa Kiingereza na msomi wa kilimo, Nitobe Inazo, na kilitoka mwaka 1900, wakati samurai walikuwa wameshapigwa marufuku kubeba panga hadharani tangu 1876. Kabla ya hapo Japani ilikaa na amani zaidi ya miaka 250, na wengi wao walikuwa watumishi wa ofisini wanaolipwa mchele. Kila mmoja alikuwa na bwana wa kumjibu. Aliyekosa bwana aliitwa ronin, na hilo halikuwa jina la sifa.

Lakini kwa nini uende hadi Japani, na wewe unaishi Arusha? Nilifundisha shule umasaini nikiwa binti, na jambo lililonishangaza kwa wamorani halikuwa mkuki. Lilikuwa maziwa. Morani akirudi nyumbani na njaa, kibuyu kimejaa na mama yake yupo, hanywi mpaka apatikane mwenzake wa rika wa kunywa naye. Nyama nayo haili mbele ya wanawake walioolewa. Huiendea porini pamoja na wenzake. Na hili si la siku moja, ni miaka. Ipo hata sherehe maalumu ya kumfungulia mtu ruhusa ya kunywa maziwa peke yake, naye wakati huo anaelekea kuuacha umorani. Hebu fikiri: yule anayesifiwa kuwa hodari kuliko wote ndiye asiyeaminiwa kukaa na kibuyu peke yake! Wazee hawakumdharau. Walijua njaa ni njaa, wakaweka mtu katikati yake na kibuyu.

Hata kutahiriwa bila kupepesa jicho hakufanyiki gizani. Ndugu wapo, wanatazama. Kijana akitetereka, aibu ni ya nyumba nzima. (Sikuombi upende kila kitu katika mila hizo, mimi mwenyewe yapo niliyoyapinga.)

Na kama una jirani Mwislamu, muulize lipi jepesi, kufunga Ramadhani au kufunga siku moja ya sunna peke yako huku kazini wenzako wanakunywa chai na maandazi mbele yako.

Sasa turudi kwenye kikoba. Vikundi vingi vilianza na sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mkutanoni mbele ya wote. Nina hakika hata lenu lilikuwepo, mkaliona la kizamani, fedha zikahamia kwenye simu. Simu ya nani? Yako. Namba ya siri ya nani? Yako. Mlimpa morani kibuyu, mkazima taa, mkaenda kulala.

Hilo halikuondolei kosa, usinisome vibaya. Umechukua fedha za watu.

Kwanza acha ndoto ya kuzirudisha kwa mkeka mmoja mkubwa, najua unayo. Ukisuka mechi kumi, na kila moja ina nafasi 70 kwa 100 ya kutiki, mkeka mzima una nafasi kama 3 tu kwa 100. Kampuni inaijua hesabu hiyo vizuri kuliko wewe. Iandikie ifunge akaunti yako.

Leo hii mwambie mkeo. Atalia, huenda akaenda kwao siku mbili tatu. Mwambie hivyo hivyo, umtajie kiasi chote, usipunguze hata elfu kumi, maana uongo mdogo utakaoubakiza ndio utakaokurudisha usiku. Mapato ya pikipiki yashike yeye jioni, na simu ilale upande wake wa kitanda. Wenzako kijiweni watakucheka. Mimi niliwahi kuzama kwenye madeni ya vitenge, nikaponea siku nilipomwambia jirani yangu anikemee kila akiniona na mfuko mpya. Alinikemea mpaka kanisani.

Ukirejesha elfu tano kila siku ya kazi, deni linaisha kwa siku 168. Hesabu mwenyewe kama Desemba itakukuta, kisha nenda kwa mwenyekiti na hesabu hiyo mkononi, ujiuzulu uweka hazina kabla hujaulizwa. Wana haki ya kukasirika, hata ya kukushtaki.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa. Kwa hiyo ukiona mikono bado inawasha, au mawazo mabaya yanakuandama, nenda hospitali umwone mtaalamu wa afya ya akili. Pushapu endelea nazo, hazidhuru.

Nenda kwa mwenyekiti kabla ya mkutano ujao, ukiwa na mkeo kama atakubali. Kisha niandikie walivyokuambia.