Twajuaje kama tunayoyasadiki ni kweli?

Wapendwa wakatekumeni, neno "kusadiki" mmelisikia tangu siku ya kwanza ya mafundisho. Lakini mtu hasadiki mambo ya dini tu. Husadiki pia kwamba dawa fulani yaponya, kwamba ndoto fulani yaonya, kwamba jirani fulani ana roho mbaya. Na katika hayo yote kila mtu hujiona mwenye haki, kwa maana hakuna asadikiye jambo huku akilijua kuwa uongo. Basi somo letu ni hili: mtu atapimaje lile analolisadiki?

Tuchukue ugonjwa unaojulikana na kila mama wa Walungu, yaani bwaki. Mtoto aliyeachishwa ziwa huanza kuvimba miguu, kisha uso. Mgeni apitaye njiani angeweza kudhani amenenepa. Nywele zake hugeuka nyekundu, tena hung'oka upesi, ngozi yabanduka, hataki kucheza wala kula.

Tuseme mtoto wa namna hiyo yuko katika kijiji kimoja. Shangazi yake asema: "Huyu amepewa sumu." Watu wakumbuka kwamba juzi bibi mmoja mjane alimpa mtoto ndizi. Jioni watu 10 wasema neno lilo hilo, na kesho yake 30. Je, neno limezidi kuwa kweli kwa sababu wasemaji wameongezeka? Hata kidogo. Wote 30 wamelipokea kwa shangazi, na shangazi mwenyewe hakuona kitu. Ushahidi wa watu 30 waliosikia kwa mmoja ni ushahidi wa mmoja tu.

Mwingine atajibu: "Lakini mimi moyoni nina hakika." Hakika ya moyo yaonyesha hali ya moyo wako. Haionyeshi kilichomo tumboni mwa mtoto. Asemaye kweli na aliyepotoka wote wawili huwa na hakika. Ukiwatazama usoni hutawatofautisha.

Sasa sikilizeni jinsi bibi huyo anavyohukumiwa. Akikana, wasema: walozi hukana daima. Akinyamaza, ameona haya. Akikimbia, ameogopa, akikaa, ana kiburi. Mtoto akipona, bibi amemwachilia, akifa, amemmaliza. Tazameni vizuri: hakuna jambo lo lote ambalo lingeweza kutokea, watu wakasema, "Tumekosea." Neno la namna hiyo halijapimwa kamwe, ingawa lina sura ya kushinda kila mara.

Nalo huua. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, katika jimbo letu la Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya kutajwa kuwa walozi. Na katika waliowataja walikuwamo manabii wa kujitangaza waitwao bajakazi. Wanafunzi wa Yezu nao, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yezu hakuwapa jina la mtu (Yohane, sura ya 9).

Turudi kwenye bwaki. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za ugonjwa huo huo. Miaka miwili baadaye aliuita kwa jina alilolipata katika lugha ya Kiga: kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto mkubwa, mdogo wake akizaliwa. Akina mama wa huko walikuwa wameona vema! Mtoto aachishwaye ziwa upesi kwa ajili ya mimba mpya hupewa uji mtupu, naye hudhoofika. Daktari alidhani kasoro iko katika chakula. Dhana hiyo ilikuwa na mlango wa kushindwa: kama kasoro ni chakula, mtoto akilishwa vema mapema atapona, asipopona, daktari amekosea. Huku kwetu watoto wa bwaki walichunguzwa na kutibiwa Lwiro, kwenye kituo cha IRSAC, shirika lililoundwa mwaka 1947, na wengi walipona kwa kulishwa.

Wala msidhani wataalamu hawakosei. Kwa miaka mingi walisadiki kwamba kinachokosekana ni protini peke yake, ile nguvu iliyomo katika maziwa, nyama na maharagi. Mwaka 1974 mwenzao, Donald McLaren, aliwakemea waziwazi katika gazeti la waganga, The Lancet. Baadaye ilionekana kwamba mtoto aliyevimba, akipewa protini nyingi tangu siku ya kwanza, aweza kufa. Ndiyo maana hospitali huanza na maziwa mepesi, kidogo kidogo. Tena mwaka 2013 wachunguzi waliofuatilia mapacha huko Malawi walionyesha kwamba pacha mmoja huweza kupata bwaki na mwenzake asipate, ingawa nyumba ni moja na chungu ni kimoja. Wakaona kwamba vijidudu vya tumboni navyo vina sehemu yao. Sababu yote haijajulikana hata leo. Mtu asiseme: "Basi, kama hawajui yote, ni yule bibi!" Pengo la ujuzi wetu halijazwi kwa jina la jirani.

Mtauliza: je, na imani yetu tuipime? Msiogope swali hilo. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza watu wajifunze miaka 4 kabla ya ubatizo. Miaka hiyo ni mingi, lakini mtu anayesukumwa hapati nafasi ya kuuliza. Na watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, wasifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku, waone kama maneno ya Paulo ni kweli. Nao walikuwa wakimpima mtume! Fumbo la Mungu halipimwi kwa kamba kama shamba. Lakini padri, katekista au nabii ye yote akisema neno juu ya mtoto wako au jirani yako, neno hilo lina alama za kuonekana kwa macho, nawe una haki ya kuzitafuta.

Kwa bwaki, alama mojawapo iko mkononi mwa kila mzazi. Bonyeza kwa kidole gumba mgongo wa miguu yote miwili ya mtoto, hesabu polepole hata tatu, kisha ondoa kidole. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, kabla jina la mtu halijatajwa uani.

Maswali ya kujibu pamoja na katekista: Kwa nini maneno ya watu 30 katika mfano wetu yahesabiwa kuwa ya mmoja? Yule bibi angefanya nini ili aonekane hana kosa? Katika kijiji chenu, ni neno gani linalosadikiwa na wote, nanyi mwaweza kulipima kwa njia gani?