Mada ya 9: Ripoti Rasmi kuhusu Usalama wa Kemikali Kiwandani

Shabaha ya mada
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi kemikali zinavyomdhuru mfanyakazi na jirani wa kiwanda;
(b) kutaja sheria za Kenya zinazohusika na kusema kila moja inamtaka nani afanye nini;
(c) kuandika ripoti rasmi yenye matokeo na mapendekezo yanayoafikiana.

Swali la mfano
Wafanyakazi wa kiwanda cha rangi katika eneo lenu wamekuwa wakilalamika kuumwa na kichwa na kukohoa. Wakaazi wa karibu nao wanasema maji ya kisima chao yamebadilika rangi. Wewe ni katibu wa kamati iliyoteuliwa kuchunguza malalamiko hayo. Andika ripoti ya kamati. (Alama 20)

Kulielewa swali
Watahiniwa wengi hulijibu swali la aina hii kwa mapendekezo mawili tu: wafanyakazi wavae glavu na barakoa, na serikali iingilie kati. Hoja hizo si za uongo, lakini ni nyembamba. Ya kwanza inamtwika mfanyakazi mzigo wote. Ya pili haisemi ni idara gani ya serikali, wala ifanye nini. Kila unapoandika pendekezo, jiulize: ni nani atakayelitekeleza, na ni sheria gani inayomlazimu? Baadhi yenu mtaajiriwa viwandani mara tu baada ya mtihani huu, kwa hiyo maswali hayo mawili yatakufaa hata nje ya chumba cha mtihani.

1. Kemikali huingiaje mwilini?
Zipo njia tatu kuu. Ya kwanza ni pumzi: mvuke wa thina, moshi na vumbi hufika mapafuni. Ya pili ni ngozi: baadhi ya viyeyusho hupenya ngozi hata pasipo na jeraha. Ya tatu ni kinywa: mfanyakazi anapokula bila kunawa mikono, humeza alichokishika.

Madhara nayo ni ya aina mbili. Yapo ya papo hapo, kama vile kizunguzungu au ngozi kuungua kwa asidi. Yapo pia ya muda mrefu, ambayo huanza polepole bila maumivu. Risasi (madini, si ya bunduki) ni mfano wa aina hii ya pili. Hujikusanya katika mifupa na meno, hudhuru ubongo wa mtoto, na humfikia mtoto aliye tumboni kupitia kwa mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

2. Kuisoma lebo
Umoja wa Mataifa ulichapisha mwaka wa 2003 mfumo mmoja wa kuweka alama kwenye kemikali, ili mtungi unaotoka nchi moja ueleweke katika nchi nyingine. Mfumo huo una alama tisa. Kila alama ni mchoro mweusi ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu. Zikumbuke hizi:
• mwali wa moto: kemikali inashika moto upesi;
• fuvu na mifupa: sumu inayoweza kuua kwa kiasi kidogo;
• matone yanayoangukia mkono na chuma: inababua ngozi na kula chuma;
• kiwiliwili chenye nyota kifuani: inaweza kuleta madhara ya muda mrefu, kwa mfano saratani;
• mti mkavu na samaki aliyekufa: inadhuru viumbe wa majini.

Kemikali hatari inayouzwa kwa viwanda huambatana pia na karatasi ya maelezo ya usalama yenye sehemu 16. Humo mna hatua za huduma ya kwanza, namna ya kuihifadhi kemikali na namna ya kuitupa. Ikiwa karatasi hiyo imefungiwa kabatini ofisini, haimsaidii anayechanganya rangi.

3. Ngazi tano za kinga
Wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kuanzia iliyo imara zaidi:
(i) Kuiondoa kemikali hatari kabisa.
(ii) Kuibadilisha, mathalani kutumia rangi ya maji badala ya rangi ya thina.
(iii) Kuitenga kwa mitambo, kama vile kufunika pipa la kuchanganyia na kuweka feni ya kufyonza mvuke.
(iv) Kupanga kazi upya: mafunzo, zamu fupi, mabango, mahali maalumu pa kulia chakula.
(v) Vifaa vya kujikinga: glavu, miwani, barakoa.

Ona kwamba glavu na barakoa ziko mwisho. Ngazi tatu za kwanza hupunguza hatari penyewe ilipo. Ya tano huiacha hatari mahali pake na kutegemea kipande cha mpira au kitambaa. Tena barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa thina. Huhitaji barakoa yenye kichujio maalumu. Hii ndiyo sababu ripoti inayopendekeza barakoa peke yake haitoshi.

4. Sheria: ndani na nje ya ukuta wa kiwanda
Ndani ya kiwanda inatumika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Inamtaka mwenye kiwanda kuhakikisha usalama wa wote wanaofanya kazi humo, na kufanyiwa ukaguzi wa usalama na afya angalau mara moja kila miezi 12. Kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima kiwe na kamati ya usalama na afya. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia vifaa vya kinga anavyopewa na kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Wakaguzi hutoka Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Nje ya kiwanda inatumika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2015. Inataka athari za mradi kwa mazingira zitathminiwe kabla ya mradi kuanza. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Mnamo 2022 iliongezwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomfanya mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata inapogeuka kuwa taka.

Juu ya sheria zote hizi ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia.

5. Mfano halisi: Owino Uhuru
Kuanzia 2007 hadi 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Moshi na maji machafu yaliwafikia wanakijiji, na watoto wakapimwa wakakutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe pia aliathirika, aliongoza harakati za kudai kifungwe. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua mwaka wa 2023, lakini Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliolaumiwa.

Mambo mawili ya kutumia katika insha: kwanza, sumu haikuishia langoni mwa kiwanda, kwa hiyo mfanyakazi na jirani wana kesi moja. Pili, aliyepewa kazi ya kukagua naye huulizwa asipokagua.

6. Muundo wa ripoti
Fuata mpangilio huu: kichwa, utangulizi (walioteua kamati, wanakamati, hadidu za rejea), utaratibu wa uchunguzi, matokeo, hitimisho, mapendekezo, jina, sahihi, cheo na tarehe. Tumia wakati uliopita na lugha isiyo na jazba.

Linganisha tokeo na pendekezo lake:

Tokeo: “Kamati iligundua kwamba mapipa ya kuchanganyia rangi hayakuwa na vifuniko, na feni ya kufyonza mvuke ilikuwa mbovu.”
Pendekezo: “Mwenye kiwanda afunike mapipa yote na kutengeneza feni hiyo, kama anavyopaswa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Idara husika ikague utekelezaji wake.”

Kila tokeo lipate pendekezo lake. Tokeo lisilo na pendekezo huacha pengo. Pendekezo lisilo na tokeo huonekana limeokotwa.

Tanbihi ya lugha: ‘kemikali’ na ‘sumu’ ziko katika ngeli ya I-ZI. Andika kemikali hizi zimehifadhiwa vibaya, si *makemikali haya yamehifadhiwa vibaya.

Zoezi
1. Kwa nini barakoa huwekwa katika ngazi ya mwisho ya kinga? (alama 3)
2. Tofautisha wajibu wa Idara ya Usalama na Afya Kazini na ule wa NEMA katika swali la mfano. (alama 4)
3. Kiwanda cha sabuni chenye wafanyakazi 35 hakina kamati ya usalama na afya. Andika tokeo moja na pendekezo lake. (alama 4)
4. Andika ripoti kamili ya swali la mfano.