Somo la Nyumbani: Mama Ambaye Siku Zake Hazilingani



Katika mafundisho ya ndoa na katika mikutano ya akina mama swali moja hurudi mara kwa mara: "Siku zangu hazina utaratibu. Mara zinawahi, mara zinachelewa. Nitajuaje siku ya kushika mimba?" Swali hili si la aibu. Kwa kutojibiwa sawasawa, ziko nyumba ambamo mke ameitwa tasa naye si tasa, na ziko nyumba ambamo mtoto wa tano amekuja baada ya wazazi kukubaliana kwamba wa nne ndiye wa mwisho. Basi tulitazame kama somo, na akina baba nao wasome.

Mzunguko wa mama huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia damu nyingine. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 si ugonjwa. Wenye siku 28 kamili kila mara ni wachache. Katika kila mzunguko kwa kawaida yai moja hukomaa, hutoka katika kifuko cha mayai na kuingia katika mrija uelekeao kwenye mji wa mimba. Yai hilo huishi saa 12 hadi 24 tu. Lakini mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hata siku 5. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe litokapo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Vitabu vya sayansi tulivyovitumia vyuoni vilichora duara la siku 28, na yai likitoka siku ya 14. Mchoro huo unafaa kwa kufundishia, ila mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba kila mwanamke anayo hiyo siku ya 14. Daktari Kyusaku Ogino wa Japani alionyesha mwaka 1924, na Hermann Knaus wa Austria akalifikia kwa njia yake miaka michache baadaye, kwamba hesabu huanzia nyuma: yai hutoka yapata siku 14 kabla ya damu INAYOFUATA. Sehemu hiyo ya mwisho haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni sehemu ya kwanza, yai likiwa bado linakomaa.

Sasa chukua kalamu. Mama fulani alikuwa na mzunguko wa siku 26, kisha 33, kisha 41. Toa 14 kila mara. Yai lilitoka siku ya 12, halafu ya 19, halafu ya 27. Siku zake za mimba zilikuwa ya 7 hadi 12, kisha ya 14 hadi 19, kisha ya 22 hadi 27. Aliyengojea siku ya 14 alichelewa mara ya kwanza, na mara ya tatu aliwahi mno. Tena angalieni neno hili: tulijua kwamba mzunguko ulikuwa wa siku 41 ulipokwisha kupita. Hesabu hii hueleza yaliyopita, haitabiri yajayo.

Ndiyo maana zile shanga zinazotolewa katika baadhi ya kliniki za uzazi wa mpango hazimfai kila mama. Ni shanga 32: moja nyekundu, kisha 6 za kahawia, 12 nyeupe, na 13 za kahawia. Nyeupe ni siku za hatari, ya 8 hadi ya 19. Ni chombo kizuri kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Yule wa siku 41 zitamhadaa, maana yai lake lilitoka wakati shanga zinasema hakuna neno. Asiyetaka mimba naye siku zake hazilingani, amwombe muuguzi njia nyingine.

Mwili wenyewe hutoa dalili. Yai likikaribia kutoka, ute wa ukeni huwa mwangavu, wa kuteleza, unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku. John na Evelyn Billings wa Melbourne, Australia, waliwafundisha watu wengi kuutazama. Uchafu wenye harufu mbaya au kuwasha si dalili hiyo. Huo upelekwe zahanati. Na mama anyonyeshaye asidhani kwamba yu salama kwa kuwa hajaona damu tangu ajifungue. Yai la kwanza laweza kutangulia damu ya kwanza, na wako waliopata mimba hivyo.

Kwa wanaotafuta mtoto ushauri ni mwepesi kuliko hesabu zote: mume na mke wakutane kila baada ya siku 2 au 3, mzunguko mzima. Yai litokapo, litakuta mbegu zinangoja. Hata hivyo wasitazamie mwezi mmoja. Kati ya ndoa 100 zisizozuia uzazi, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka 1. Nyingine huchukua muda zaidi.

Siku kukosa utaratibu ni jambo la kawaida kwa binti katika miaka yake ya kwanza, na kwa mama aliyepita miaka 40 na kitu. Huletwa pia na kukonda sana, tezi ya shingo, sindano ya uzazi wa mpango iliyoachwa karibuni, au hali ya homoni ambamo mayai hayakomai vizuri, ambayo mara nyingi huambatana na chunusi na ndevu. Mengi ya hayo yana dawa. Asiyeona damu kwa miezi 3 apime mimba kwanza, kisha amwone daktari. Waliotafuta mtoto mwaka 1 bila kupata waende hospitali. Mke akiwa amepita miaka 35 wasingoje zaidi ya miezi 6, na mwenye siku zisizolingana aweza kwenda mapema. Achukue daftari lenye tarehe za miezi 6, kwa kuwa hilo ndilo ataulizwa kwanza.

Mume aende naye siku hiyo hiyo. Tatizo mara nyingi huwa upande wa mume, au pande zote mbili, na kipimo chake ni chepesi kuliko vya mke: asikutane na mke kwa siku 2 hadi 7, kisha atoe mbegu zitazamwe katika maabara.