Uso Unapogeuka Kivuli Kwenye Mahojiano

*Ninarekodi masimulizi ya wazee kwa kamera ndogo. Nikimkalisha mzee dirishani, uso unakuwa mweusi tii; nikiwasha taa ya dari, picha inatoka kama ya kitambulisho. Ninunue kamera nyingine?*
*M., Tanga*

Uso hugeuka kivuli kwa sababu dirisha lililo nyuma ya mhojiwa huifanya kamera ipunguze mwanga wote. Taa ya dari nayo huacha vivuli machoni. Kamera mpya haitibu hata moja kati ya hayo.

Dirisha hilohilo linafaa likiwa ubavuni, mbele kidogo ya mhojiwa. Jua likipiga moja kwa moja, shuka jeupe jepesi hulilainisha. Taa za ndani huzimwa, maana balbu ya njano ya kelvini 3200 hivi haipatani na mwanga wa mchana wa 5600. Kamera hukaa upande wenye kivuli: shavu lililo karibu nayo hufifia kidogo, uso ukapata umbo. Sura ya sinema hutoka hapo zaidi kuliko kwenye lenzi ya bei.

Macho huwekwa theluthi ya juu ya fremu, lenzi ikiwa usawa wake. Mhojiwa humtazama mhoji aliyekaa ubavuni mwa kamera, na nafasi huachwa upande anaotazama. Ukuta uwe mita mbili nyuma yake, kama chumba kinaruhusu.

Ikibidi kuwasha taa, na picha ikapepesa chini ya umeme wa hezi 50, fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 kwa kawaida hutosha. Vinginevyo taa ibadilishwe. Ikipepesa hata kwa mwanga wa dirisha pekee, kamera ipelekwe kwa fundi.