Galoni ya Nani? Mfasiri na Vipimo vya Ujazo

Methali yetu yasema kwamba haba na haba hujaza kibaba, ila haituambii kibaba hicho kina ukubwa gani. Swali hilo ndilo limpasalo mfasiri akutanapo na vipimo vya ujazo. Makala haya yanashikilia kuwa kugeuza galoni kuwa lita ni suala la maana kwanza, kisha la hesabu.

Neno galoni lina maana mbili. Mnamo mwaka 1824, Uingereza iliweka kisheria galoni mpya iliyo sawa na lita 4.546. Marekani, iliyokuwa imekwisha kujitawala, ilibaki na galoni ya kale ya mvinyo, yaani lita 3.785. Kenya ilirithi ile ya Uingereza. Ndiyo maana debe la galoni 4 huchukua takriban lita 18. Galoni zote mbili zina painti 8. Hata hivyo, painti ya Uingereza ina aunsi 20, sawa na mililita 568, ilhali ya Marekani ina aunsi 16, sawa na mililita 473.

Tuchukue mfano. Kijitabu cha kilimo kinaagiza aunsi 1 ya dawa kwa kila galoni ya maji, naye mkulima ana pampu ya lita 20. Ikiwa kijitabu ni cha Uingereza, galoni ina aunsi 160. Tukigawanya mililita 20,000 kwa 160, tunapata dawa mililita 125. Kikiwa cha Marekani, galoni ina aunsi 128, na jibu ni mililita 156. Tofauti hiyo ni robo ya kipimo cha kwanza. Dawa ikizidi, mimea huweza kuungua. Ikipungua, wadudu huweza kusalia.

Basi mfasiri na afuate hatua tatu. Mosi, achunguze matini yalikoandikwa. Pili, azidishe idadi ya galoni kwa 4.546 au 3.785, kulingana na asili hiyo. Tatu, asikadirie tarakimu hadi hesabu ikamilike. Kisha aandike lita au mililita waziwazi, kwani mkulima aliyeshika pampu hana njia ya kujua kijitabu kilitoka wapi.