Kumlea chipukizi wa mpira wa kikapu: maswali na majibu

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Miaka 7 au 8 inatosha, ilimradi mchezo upunguzwe ulingane na mwili wake. Ringi ya kawaida iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mtoto mdogo anayeilenga hulazimika kuurusha mpira kuanzia kiunoni kwa nguvu zake zote, na mtindo huo ukishazoeleka kuuondoa ni kazi ya miezi. Ndiyo maana mchezo wa kikapu wa watoto wasiozidi miaka 12, unaotambuliwa na shirikisho la kimataifa, FIBA, hutumia ringi ya mita 2.60 na mpira namba 5, ambao ni mdogo na mwepesi kuliko namba 6 wa wanawake na namba 7 wa wanaume. Pale ambapo ringi haishuki, shabaha iliyochorwa ukutani kwa chaki ni bora kuliko ringi asiyoifikia.

Aliyechelewa naye ana nafasi. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza akiwa na miaka ipatayo 15, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua akiwa wa pili katika drafti ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alitangulia kucheza soka na mpira wa mikono, na wepesi wa miguu alioupata huko ulimsaidia sana alipokuja kucheza senta. Mwongozo ambao NBA na shirikisho la Marekani waliutoa mwaka 2016 unashauri kijana asijifunge kwenye mchezo mmoja kabla ya kutimiza miaka 14.

Stadi gani itangulie?

Miguu. Makocha wengi wachanga hukimbilia kufundisha kufunga kwa sababu ndicho watoto wanachokitaka, lakini anayeshindwa kusimama bila kuyumba hawezi kulenga. Mafunzo yaanze na mkao wa magoti yaliyokunjwa, kusimama kwa hatua mbili baada ya kukimbia, kuzunguka juu ya mguu mmoja uliotulia bila kuuinua, na kutua kwa miguu yote miwili baada ya kuruka. Kutua vibaya huumiza kano za goti, na wasichana waliokwisha kubalehe wako katika hatari kubwa zaidi ya jeraha hilo kuliko wavulana. Dakika 10 za mazoezi ya kuruka na kutua kabla ya mpira kutolewa ni kinga isiyogharimu chochote.

John Wooden, aliyeiongoza UCLA kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, alikuwa akianza msimu kwa kuwaonyesha wachezaji namna ya kuvaa soksi zisikunjamane, kwa sababu lengelenge humweka mchezaji nje. Somo hilo lina uzito zaidi kwenye viwanja vya saruji, ambako watoto wengi huvaa raba za mtumba zisizowakaa sawasawa.

Baada ya miguu hufuata kudunda, kwa mikono yote miwili na macho juu. Kocha anyanyue vidole, na mchezaji ataje idadi yake huku akiendelea kudunda. Anayetazama mpira hatamwona mwenzake aliye wazi. Kwa hiyo hapa, kwenye stadi inayoonekana kuwa ya mtu mmoja, ndipo uchezaji wa pamoja unapoanzia. Kufunga kuje mwisho, karibu na ringi, na mtupaji asirudi nyuma hata hatua moja mpaka mkono wake uwe unafuata njia ileile kila mara.

Uchezaji wa pamoja unafundishwaje?

Hotuba za umoja kabla ya mechi hazifundishi kitu. Kinachofundisha ni zoezi lenyewe jinsi lilivyopangwa. Zoezi lenye faida kuliko mengi ni watatu kwa watatu, ringi moja, bila kudunda kabisa. Aliyeshika mpira hana njia ila kutoa pasi, na wasio nao hawana njia ila kukimbia wajitafutie nafasi. Ndani ya dakika chache watoto hugundua wenyewe kwamba kutoa pasi kisha kusimama kutazama ndilo kosa linaloua shambulizi. Zaidi ya hayo, wachezaji wakiwa sita kila mmoja hugusa mpira mara nyingi kuliko wakiwa kumi.

Pamoja na zoezi, hesabu za kocha nazo hufundisha. Akisoma pointi peke yake baada ya mechi, watoto watagombea pointi. Akisoma pasi zilizozaa vikapu, ribaundi, na mara ambazo mlinzi alimwacha mtu wake akamzuia aliyempita mwenzake, watagombea hayo pia. Daftari moja na mchezaji aliyekaa benchi wa kuandika vinatosha.

Sauti nayo ni stadi ya kufundishwa. Mlinzi aseme nani anamkaba, aseme kizuizi kinakuja upande gani, aseme yuko tayari kusaidia. Watoto walioambiwa siku zote wanyamaze mbele ya wakubwa huhitaji ruhusa ya wazi kupaza sauti.

Ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu, unafaa?

Chini ya miaka 12, hapana. Watoto hawana nguvu ya kufunga kutoka mbali, hivyo timu inayojikusanya chini ya ringi hushinda kwa urahisi huku hakuna anayejifunza kumkaba mtu. Kumfungia mtoto mrefu chini ya ringi ni dhuluma ya namna hiyohiyo, kwa kuwa wenzake wakirefuka atajikuta hajui kudunda wala kutoa pasi.

Mazoezi yanawezekana kwa mpira mmoja na watoto 20?

Yanawezekana, kundi likigawanywa. Sita wacheze na mpira, wengine wafanye kazi ya miguu na mikao ya ulinzi, wengine wapasiane kwa mpira wa wavu au wa netiboli, kisha wabadilishane. Netiboli inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa na makocha wa kikapu: ringi yake nayo iko mita 3.05, na haina kudunda, hivyo wasichana waliotoka huko huja na pasi nzuri na mguu uliotulia. Kinachobaki ni kuwafundisha kudunda na kutumia ubao.

Mlezi ana kazi gani zaidi ya mazoezi?

Luol Deng, akiwa mtoto mkimbizi nchini Misri, alifundishwa kikapu na Manute Bol, Msudani aliyekwisha kucheza NBA. Deng naye akaifikia ligi hiyo, kisha akaliongoza shirikisho la Sudan Kusini. Mwaka 2024 timu ya taifa hilo changa ilifungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101-100, katika mechi ya kirafiki mjini London, na siku chache baadaye ikaifunga Puerto Rico 90-79 kwenye Olimpiki ya Paris. Ulezi kama huo wa Bol huanzia kwenye mambo madogo: kuuliza habari za shule, kumsahihisha mtoto kando badala ya mbele ya wenzake, kumkabidhi mdogo kwa mchezaji mkubwa mwenye tabia nzuri. Usalama nao usiachwe kwenye imani peke yake. Mtu mzima asibaki faraghani na mtoto, na timu ya wasichana iwe na mwanamke mzima kila safari.

Wazazi washiriki vipi?

Wamfikishe mtoto kwa wakati, wamlishe, washangilie timu nzima. Maelekezo wakati wa mechi wamwachie kocha. Mtoto anayepigiwa kelele kutoka pande mbili huchelewa kuamua, na kuamua haraka ndiko alikoletwa kujifunza.